Kadi Yenye Jina la Odessa

Clarksdale, Mississippi
10 Machi 1998

Mdogo wangu Odessa,

Nilifika salama. Nilimkuta Lucius amelala kwenye kiti chake, Biblia kifuani, nikapita kwa kunyata mpaka chumbani. Mikono nimeinawa kwa sabuni ya vyombo lakini weusi wa zile sarafu umeng'ang'ania kwenye kucha. Leo mteja kaniuliza nimeshika nini. Nikamwambia rangi ya nywele, yakaisha.

Sasa nisikilize. Jana kule kasino nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka hivyo. Nitarudi. Ila nitarudi kwa masharti yangu. Kadi yao siitaki. Yule binti wa mlangoni alinishika mkono kabisa: "Mama, jiandikishe tu, utapata taulo ya bure." Taulo? Mimi mwenye saluni? Wanataka jina, anwani na siku ya kuzaliwa, halafu waanze kukuletea barua nyumbani zenye picha za mashine. Na kwangu sanduku la barua analifungua nani? Lucius.

Kwa hiyo mimi nitalipa kwa sarafu, nitakaa kule ukutani, nitavaa lile wigi fupi, na mashine kubwa siziendei. Ukishinda sana kwenye zile kubwa wanakuja na makaratasi ya kodi na kukudai kitambulisho. Mimi nataka kuingia sina jina na kutoka sina jina. Wewe endelea kuning'iniza lile likadi shingoni na kamba yake. Unapolichomeka kwenye mashine unafanana na mbuzi aliyefungwa mtini. Usinune, ndivyo ulivyo.

Mount Gilead, kanisani kwetu, unapajua. Anayekutwa na kamari anasimamishwa mbele ya kanisa Jumapili ya kwanza ya mwezi, aseme kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watoto na wazee. Hiyo ni kwa watu wa kawaida. Mimi ni mke wa shemasi, na mchungaji wetu kachoka, na watu wameanza kulitaja jina la Lucius. Nikionekana kule, si mimi tu ninayeanguka.

Barua zako tuma saluni. Simu usipige. Lucius anaipokea yeye, na anavyopenda kusalimia utasahau ulichopigia.

Dada yako,
Ernestine


Memphis, Tennessee
2 Aprili 1998

Dada Ernestine,

Mbuzi anakusalimu. Mbuzi jana kala kambale wa kukaanga, mkate wa mahindi na pai ya viazi vitamu, yote bure, kwa sababu ya likadi lake. Wewe uliyekula sandwichi ndani ya gari, njaa inakuchekesha?

Nina wazo. Kadi huitaki, sawa, lakini mchezo wako unapotea bure. Wanaojua mambo pale kasino, Lulu ya Mto, wote wanafanya hivi: rafiki akicheza bila kadi, unachomeka yako kwenye mashine yake, pointi zinaingia kwako. Nimeomba kadi ya pili. Wameitoa hapo hapo bila swali. Imo humu ndani ya bahasha, ina jina langu. Ukicheza, ichomeke. Wewe hujulikani, mimi napata chakula, na tukitaka kulala siku moja tunapewa chumba. Mashine inahesabu sarafu, dada, haiangalii sura.

Sasa jambo jingine, na hili liishie kwako. Cleophus ameachishwa kazi kule kiwanda cha magodoro, tangu Januari. Hajaniambia. Nimesikia kwa mke wa mwenzake. Kila asubuhi anaamka, anavaa zile nguo za kazi, anachukua kisanduku chake cha chakula na kunibusu shavuni. Siku moja nilipita maktaba kuu nikamwona kakaa dirishani, kisanduku kiko magotini. Nikageuza njia. Nampakia chakula kila siku na namuuliza kazi ilikuwaje. Anasema nzuri. Ipo siku atasema mwenyewe, na mpaka siku hiyo sitamvunjia heshima. Jioni akilala ndiyo nalia kidogo, kisha naenda zangu zamu ya kufua mashuka hospitalini.

Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Hata kwenye maombi silitaji.

Mdogo wako,
Odessa


Clarksdale
11 Mei 1998

Mdogo wangu,

Pole sana kwa habari za Cleophus. Nimezifunga moyoni. Mwanamume mwenye haya kama yake bora aachwe avae nguo zake. Umefanya vizuri.

Kadi nimeijaribu tulipokuwa wote na sijaona ubaya wake. Kweli haiangalii sura. Na zile mbavu za nguruwe walizotupatia bure zilikuwa laini, nakubali, mbuzi ana akili. Basi nitakaa nayo. Jumatatu saluni imefungwa, kwa hiyo tukipatana mara moja kwa mwezi inatosha. Lucius namwambia nakuja kwako, na huo si uongo.

Ernestine


Memphis
20 Agosti 1998

Dada,

Hebu nieleze, maana mimi sielewi. Juzi limeletwa paja zima la nguruwe, limefungwa utepe, na salamu: "Kwa Bi Odessa, mgeni wetu wa heshima." Kadi mpya imo humo humo. Ile yangu ya zamani, ya bluu, naiweka kando, sasa nina ya dhahabu. Mhudumu wa wageni wakubwa, bwana mmoja Thibodeaux, kaniandikia kwa mkono wake kwamba kiti changu kinaningoja.

Kiti gani? Mimi tangu Julai sijakanyaga kule. Dhahabu hawampi mtu anayekwenda mara moja kwa mwezi, dada. Nimemuuliza mwenzangu wa hospitalini, mcheza kamari wa siku nyingi, akacheka, akasema hiyo ni ya watu wanaolala na mashine.

Cleophus kaniuliza paja limetoka wapi. Nikasema zawadi ya hospitali. Sasa tuna uongo wa wawili ndani ya nyumba moja.

Je, unakwenda bila mimi? Niambie tu. Sitakufokea.

Odessa


Clarksdale
28 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Kompyuta zao zinakosea kila siku. Watakuwa wamekuchanganya na Odessa mwingine. Mimi nikienda nakwenda na wewe, unajua. Kula paja lako umshukuru Mungu.

Nina wateja watatu wananingoja chini ya mashine za kukaushia. Tutaongea.

Ernestine


Memphis
12 Oktoba 1998

Dada,

Naandikia magotini kabla ya zamu, ukishindwa kusoma mahali utanisamehe.

Jumamosi ilikuwa kumbukumbu ya ndoa yetu, mimi na Cleophus. Nikajisemea, kadi ni ya dhahabu, chakula ni bure, nimpeleke mume wangu akale vizuri kwa mara moja. Kanisani kwetu hapa Memphis watu wanakwenda kule kula tu, hakuna anayeshangaa. Akavaa suti yake ya kahawia. Alifurahi, Ernestine. Ulikuwa muda mrefu sijamwona vile.

Pale mlangoni pa chakula nikatoa kadi. Binti akaisoma, akasimama wima, akampigia simu huyo Thibodeaux aje anisalimie mwenyewe. Akaja anatabasamu, mkono mbele. Aliponiona, tabasamu likakatika.

"Samahani mama, kadi hii umeipata wapi?"

"Ni yangu," nikasema.

"Bi Odessa namfahamu. Nakaa naye kila Jumatatu. Wewe si Bi Odessa."

Nikatoa leseni yangu ya gari. Akaitazama kwa muda, akanitazama mimi. Watu walikuwa nyuma yetu na sahani zao. Nadhani alitaka kuonyesha kwamba hadanganyiki, ndipo akasema, tena kwa sauti: "Bi Odessa ninayemjua mimi ni mwanamke mwenye shida zake. Mume wake kafukuzwa kiwandani, anashinda maktaba na kisanduku cha chakula, na yeye anajifanya hajui. Ananieleza yote. Sasa wewe ni nani?"

Alisema hivyo, dada. Cleophus alikuwa kasimama pembeni yangu na kofia mkononi.

Alivaa kofia yake, akaenda kwenye gari. Njia nzima alishika usukani kwa mikono miwili. Tulipofika nyumbani aliniuliza swali moja tu: "Tangu lini unajua?" Nikamwambia. Akauliza, "Na ulikuwa unanipakia mkate ukiwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akachukua begi, akavuka daraja kwa kaka yake, West Memphis. Kisanduku kakiacha mezani. Mpaka sasa sijakigusa.

Anaamini mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka na watu wa kasino. Nimemwapia kwamba si mimi. Ananiuliza, basi ni nani, maana jina ni lako na maneno ni yako. Nimekaa kimya, kwa sababu nikikutaja wewe atamwendea Lucius jioni hiyo hiyo.

Nilikwambia wewe peke yako. Hata kwa Mungu sikulitaja. Ulikalia kiti kwa jina langu, ukachukua kitu nilichokificha kwa machozi, ukampa mwanamume asiyetuhusu ili apate la kusikiliza. Roho inaniuma mpaka nashindwa kula.

Nakuomba jambo moja. Mwandikie Cleophus. Mwambie ni wewe uliyesema, na kwamba mimi nilikwambia nikilia, si nikicheka. Hilo tu. Atakutunzia siri ukimwomba wewe mwenyewe, namjua. Lakini aisikie kutoka kwako.

Odessa


Clarksdale
19 Oktoba 1998

Mdogo wangu mpenzi,

Nimesoma barua yako nikafunga saluni mchana. Nisamehe. Kweli, nilikuwa nakwenda kila Jumatatu, na baadaye hata Alhamisi nikisema nanunua vifaa. Nilitaka kukwambia, siku zikapita.

Lakini elewa ilivyokuwa. Siku ya kwanza yule bwana alikuja kwenye mashine yangu, kaona jina kwenye kioo cha mashine, akasema, "Karibu, Bi Odessa." Ningejibu nini? Ningesema si mimi, angeuliza basi wewe ni nani. Nikaitika. Wiki ya pili kaniletea kahawa, kauliza habari za nyumbani. Mtu akikuuliza habari za nyumbani kila Jumatatu, utamnyima? Za kwangu siwezi kumpa. Nikampa zako. Sikuwa nakucheka. Kuna wakati nilipokuwa nazieleza nililia kweli, na yeye kanipa leso. Ni mtu pekee anayeniuliza habari zangu, Odessa. Lucius ananiuliza habari za kanisa.

Kumwandikia Cleophus siwezi. Si kwamba sitaki. Desemba wanakutana kumchagua mchungaji, na Lucius ndiye anayetajwa na kila mtu. Karatasi yenye mwandiko wangu ikifika mikononi mwa mtu aliyekasirika, mimi nimekwisha. Wewe ni mdogo, Memphis ni kubwa, watu watasahau. Cleophus atarudi tu, wanaume wanapenda kununa. Mpe muda.

Na kama hujaifuta ile kadi, tafadhali iache mpaka mwisho wa Novemba. Kuna bahati nasibu ya gari kwa wenye dhahabu, na jina letu limeingia mara nyingi. Yule bwana haniulizi mimi ni nani, mradi nacheza.

Nakuombea,
Ernestine


Clarksdale
9 Novemba 1998

Shemeji mpendwa Odessa,

Salamu katika jina la Bwana. Mke wangu aliniomba nisikuandikie, anasema utaona haya. Lakini wewe ni ndugu yangu tangu ulipokuwa binti wa kuimba kwaya na masoksi yako meupe, na ndugu haachwi.

Ndugu Purvis, anayepeleka barafu kule kwenye makasino, aliliona gari la Ernestine limeegeshwa huko, na si mara moja. Nilipomuuliza mke wangu, alilia sana. Akanieleza yote: kwamba kamari imekushika, kwamba kila Jumatatu anakwenda kukutoa kwenye mashine na wewe hutaki, kwamba wanakujua kwa jina na wamekupa kadi ya dhahabu. Kumbe miezi yote hii ameibeba aibu yako peke yake ili isinifikie. Nimemheshimu mke wangu kuliko siku niliyomwoa.

Jumapili iliyopita alisimama mwenyewe kanisani, akaomba watu wamwombee "mdogo wangu Odessa, aliyepotelea kwenye kamari." Hakuna jicho lililobaki kavu. Jina lako sasa linatajwa katika maombi ya kila Jumatano. Pia tumesikia kuwa Cleophus ameondoka nyumbani kwa sababu hiyo, na tunamwombea naye.

Njoo, shemeji. Jumapili ya kwanza ya Desemba. Simama mahali ulipobatizwa, useme kwa mdomo wako, tukupokee. Hakuna atakayekutupia neno.

Ndugu yako katika Bwana,
Shemasi Lucius Stribling


Memphis
16 Novemba 1998

Dada,

Barua ya Lucius nimeipata. Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa.

Nilidhani umeniuza kwa kuropoka. Mtu anaropoka, ni udhaifu, ningekusamehe ingawa ingenichukua muda. Hili si kuropoka. Umesimama mbele ya watu walionibatiza, ukanitoa kafara kwa jina langu, ukalia, wakakufuta machozi. Mama angekuwa hai ungeweza kumtazama usoni?

Nitakuja. Nimemwambia Cleophus kila kitu, jina lako limo. Sikuwa na njia nyingine, sitaki kumpoteza. Ameniahidi hatamwambia Lucius neno, hayo ni yako na yangu. Jumapili hiyo nitasimama mbele, nitataja jina langu, kisha nitanyamaza. Sitasema nilicheza na sitasema sikucheza. Nitakungoja. Kutoka kiti chako mpaka niliposimama ni hatua chache sana. Inuka uje, useme wewe. Nitakushika mkono na nitakushikilia mpaka umalize, na jioni tutapika pamoja, hata kama mji mzima utatununia. Nakuapia.

Nakungoja, dada.

Odessa


Memphis
7 Desemba 1998

Ernestine,

Nakuandikia ili usije ukajidanganya kwamba sikuona.

Ulikuwa kiti cha mbele, umevaa kofia nyeupe. Lucius aliniita, nikasimama pale karibu na meza ya Bwana. Alinishika bega kwa upole, akaniuliza kama ni mimi Odessa Pettway. Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikanyamaza. Nikakutazama.

Na wewe ukanitazama. Nilikuona unashika mkoba wako, nikadhani unainuka. Uliinuka kweli. Moyo wangu ulipiga kwa furaha, Ernestine, hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga. Halafu ukafungua mdomo ukaanzisha wimbo. Akina mama wakaupokea, kanisa zima likasimama, wengine wakalia, na wewe ukaimba kwa nguvu kuliko wote huku macho umeyafumba. Ulijua kwamba hakuna atakayekatiza wimbo wa toba.

Ningeweza kungoja uishe niseme. Lucius aliniuliza kama nina neno. Nilimtazama mtu yule, anavyokuamini, na watu wake wote nyuma yake wanavyomtaka awe mchungaji wao. Yeye hakunikosea. Nikasema sina neno. Wakanikumbatia mmoja mmoja, bibi mmoja akaninong'oneza kwamba hata mwanawe alikuwa mcheza kamari. Nilipokea yote. Nimesamehewa dhambi yako, karatasi waliyonipa kanisani inasema hivyo. Najua watamchagua Lucius. Hongera, mama mchungaji.

Cleophus alikuwa mlangoni muda wote. Hakutaka kukaa. Aliendesha gari yeye, na tulipopita mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa akasema, "Uliweza kusema na hukusema." Nikamwambia, ndiyo. Akasema, "Kwa hiyo na mimi ulinitunza hivyo." Tukasimamisha gari pembeni. Nililia yale machozi yote niliyokuwa nikiyalia peke yangu. Usiku hakuvuka daraja. Leo asubuhi kabaki mezani na nguo zake za nyumbani, anasoma nafasi za kazi, anajaza fomu na ananiuliza tahajia. Mwambie Thibodeaux, maana anapenda habari za nyumbani.

Kuhusu kadi, sijaifuta. Nilikwenda nikitaka kuifuta, nikafikiri, kwa nini? Mimi sitaingia tena mahali pale, na jina lenyewe umeshalitumia mpaka limechakaa. Kaa nalo. Uende Jumatatu zako, ukae kiti chako, uletewe kahawa. Wakikuita Odessa, itika tu. Huku kwangu hakuna tena wa kukuita dada.

Odessa Pettway